Hoteli Aliyomchagulia Dada Yake

Saa nne kasoro robo asubuhi. Amepiga magoti kwenye sakafu ya bafu, brashi mkononi, simu inaanza kutetemeka katika mfuko wa aproni. Anaiacha. Inakatika, inaanza tena. Anafuta mkono mmoja pajani na kupokea.

Anayepiga ni binti wa dada yake. Hasalimii.

"Mama mdogo, uko wapi?"

"Niko kazini."

"Umekaa?"

Anatazama magoti yake na maji ya sabuni yanayotambaa kuelekea kwenye tundu. "Ndiyo," anasema. "Nimekaa."

Ndipo anaambiwa kwamba dada yake hakuamka. Binti alimgongea mlango mara tatu akidhani amechoka.

Simu inapokwisha, anamaliza kusugua. Anakausha sakafu, anatundika taulo mbili, anaokota unywele mmoja kwenye sinki. Mgeni wa chumba kile anaingia saa sita na hapajawahi kutokea mgeni akakuta chumba chake hakijawa tayari. Kisha anafunga mlango, anakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa kwenye korido, na hapo sasa amekaa kweli.

Hiyo ilikuwa Jumanne, miezi kumi na mmoja iliyopita.

"Hata siku ile nilianza kwa uongo," anasema. "Niliulizwa kama nimekaa, nikasema nimekaa. Ulimi wangu ulishazoea."

Ana umri wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye mabega mapana na vidole vilivyopauka kwa dawa ya madoa. Ni mhudumu wa vyumba katika hoteli ya ghorofa tatu, dakika tano kwa miguu kutoka stendi ya mabasi. Kwa miaka kumi na tisa amesafisha vyumba kumi na vinne kwa zamu, dakika ishirini na tano kila kimoja. Wenzake wanamwita Mama Shuka, kwa sababu hawezi kupita karibu na kitanda kilichotandikwa ovyo bila mikono kumwasha.

Mshahara wake wa mwezi mzima ungetosha kumlaza usiku saba katika chumba anachokisafisha. "Siku ya nane," anasema, "ningegongewa mlango nihame kama mgeni mwingine."

Wazazi wake walifariki akiwa darasa la nne. Aliyemlea ni dada yake, aliyemzidi miaka kumi na mitatu, fundi cherehani wa sare za shule. Alimsomesha hadi kidato cha nne kwa kaptula na sketi za watoto wa watu. Mtaani walimwita Fundi tu, na mdogo wake wakamwita Mdogo wa Fundi.

"Alikuwa na maneno yake," Mama Shuka anakumbuka. "Anasema, mimi nimeinama kwenye cherehani ili wewe ukae wima kwenye kiti."

Wiki ya kwanza ya kazi, Fundi alipiga simu kwenye simu ya mezani ya hoteli. Mdogo wake alikuwa anapiga deki mbele ya kaunta, akapewa. Fundi akauliza, "Haya, wamekuweka wapi hapo hotelini?"

"Niko mapokezi."

Haukuwa uongo. Ndipo alipokuwa amesimama, ufagio wa deki umeegemezwa kwenye kaunta. Aliulizwa amewekwa wapi, akajibu alipo. Lakini upande wa pili wa simu dada alisikika akimwambia mtu, "Yuko mapokezi, jamani. Mdogo wangu anapokea wageni."

"Nilisikia anavyopumua," anasema. "Nilikuwa na nafasi ya kusema, hapana dada, nimesimama tu hapa, nadeki. Maneno machache. Sikuyasema, na kesho yake yalikuwa mazito zaidi. Baada ya mwaka hayabebeki."

Mwaka wa tatu aliazima koti la binti wa mapokezi, akasimama nyuma ya kaunta, akapigwa picha. Picha hiyo ilitundikwa juu ya cherehani la dada yake, mahali ambapo kila mzazi aliyeleta mtoto kupimwa sare angeiona.

Kuhusu hoteli, hata hivyo, hapakuwa na mtu aliyezijua kumshinda. Wateja wa siku nyingi walimpigia simu kabla ya kuleta wake zao au wazazi wao mjini kupumzika. Siku yake ya mapumziko aliitumia kwenda kukagua. Bado anafanya hivyo.

Jumapili moja mwezi uliopita, mwalimu mstaafu anayetaka kumleta mkewe kwa siku tatu alimwomba amtazamie hoteli moja mpya. Mama Shuka aliingia akiwa na kipochi chake na viatu vya kanisani. Meneja akampeleka chumbani, akamwona anainua godoro.

"Mama, umekuja kulala au umekuja kukagua?"

"Nimekuja kulala dakika tano."

Akalala kweli, na viatu vikining'inia nje ya kitanda, akasikiliza. Upande wa dirishani palikuwa na jenereta. Akainuka, akafungua bomba, akahesabu hadi maji ya moto yalipofika. Akainama kunusa tundu la bafu. Akafunga mlango na kuusukuma kwa bega.

"Sasa hapo unatafuta nini?" meneja akauliza.

"Nasikia kama kitasa kinacheza. Wewe una mke?"

"Ninaye."

"Ungemlaza hapa?"

Meneja akacheka, akakuna shingo. "Ningemlaza upande ule wa nyuma."

"Basi huko ndiko tukaone."

Watu, anasema, wanachagua hoteli kwa macho. Wanaona picha ya kitanda chenye mito sita na swala wawili waliokunjwa kwa taulo. Hawaulizi chumba kiko ghorofa ya ngapi, usiku kuna muziki jirani, maji yanatoka saa ngapi. "Na kibao cha nje kinawadanganya sana. Kibao hakilali na mtu."

Anajua hayo yote, na aliyajua pia mwanzoni mwa mwaka jana, simu ya dada yake ilipoingia.

Fundi alikuwa na miaka sitini na moja, mjane, na miguu iliyokuwa inavimba kila jioni. Alikuwa amemaliza sare za kufungulia shule. Alisema hajawahi maishani kwenda mahali kwa ajili ya kupumzika tu, pasipo msiba, mgonjwa wala harusi.

"Nataka siku nne za mjini," alisema. "Nilale kwenye kitanda ambacho sikukitandika mimi, niamke nikiache hivyo hivyo kama mtoto wa tajiri. Nitafutie hoteli. Ila usinipeleke gesti."

"Gesti ina nini, dada?"

"Mjane nikionekana natoka gesti asubuhi, jioni wananiletea mahari. Iandikwe hoteli, kwa herufi kubwa."

Wakicheka hivyo, Mama Shuka alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha ghorofa ya chini, upande wa nyuma, kisichofikiwa na kelele za stendi. Maji ya moto saa zote. Bafu lenye chuma cha kushikia ukutani. Ndugu wa wafanyakazi hulipa nusu bei.

"Hoteli inayomfaa niliijua. Nilikuwa nimeshika ufunguo wake."

Dada akauliza, "Kwani hapo kwenu hakuna nafasi?"

"Kwetu kumejaa, dada. Kuna mkutano."

"Mkutano wa nini?"

"Wa madaktari."

"Sasa hapo si ndipo pangenifaa? Ningelala, wakanipima na miguu."

Alimchagulia hoteli upande wa pili wa mji, mabasi mawili na kutembea kidogo. Hakwenda kuiona. Hakuinua godoro wala kuuliza ghorofa. Aliangalia picha kwenye simu, akaona kibao kimeandikwa hoteli kwa herufi kubwa, akalipa.

"Watu wanachagua bei, wanachagua usafi," anasema, na kwa mara ya kwanza haangalii anayezungumza naye. "Mimi nilichagua umbali. Nilitaka hoteli ambayo dada yangu hawezi kutoka kwa miguu akanikuta na ndoo."

Chumba kilikuwa ghorofa ya nne. Lifti haikuwepo. Ngazi zilikuwa sitini na nane. Alizihesabu akiwa amebeba begi nyuma ya dada yake. Kila penye kona Fundi alisimama, akashika ukuta.

"Ngoja kidogo nitazame mji," alisema.

"Hapakuwa na dirisha," anasema Mama Shuka. "Alikuwa anatazama ukuta."

Chumbani kitanda kilikuwa kimetandikwa vibaya, shuka limetoka upande mmoja. Fundi alikaa kwenye kiti akihema. Mdogo wake, bila kufikiri, aliinua kona ya godoro kwa goti, akakunja shuka kwa mkono mmoja, akalipiga kwa kiganja likanyooka kama karatasi. Akazunguka kona ya pili, ya tatu, ya nne. Haikufika dakika moja.

Dada yake alimtazama mpaka mwisho. Mtu aliyeshika mkasi miaka arobaini anaujua mkono wa kazi anapouona.

"Kumbe huko mapokezi mnafundishwa na kutandika," alisema.

"Tunafundishwa kila kitu, dada."

"Vizuri," akasema Fundi. "Ni vizuri kujua kila kitu."

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, Mama Shuka alikuwa ndani ya stoo ya mashuka, kando ya kaunta, akihesabu foronya. Mlango wa stoo hiyo ni wa plaiwudi, na kwa chini umeachwa wazi kiasi cha kiganja ili hewa ipite. Alisikia sauti ya dada yake.

"Habari za kazi, mwanangu? Huniamkii?"

"Shikamoo, mama. Karibu," alijibu binti wa mapokezi.

"Marahaba. Namtafuta mdogo wangu. Yuko hapa mapokezi."

Binti alijua habari ya koti na picha. Akajaribu kusaidia. "Ametoka kidogo, mama. Ametumwa benki."

"Atarudi?"

"Sina hakika."

"Nitamngoja. Sina haraka, niko likizo."

Kiti kikatoa mlio. Ndani ya stoo, Mama Shuka alisimama na foronya kifuani. Baada ya robo saa binti akaingia kama anayefuata taulo.

"Toka," alinong'ona. "Dada yako yuko peke yake, miguu imejaa viatuni."

"Na hii sare?"

"Si uivue?"

"Nikishaivua nitatoka na nini, na foronya?"

"Basi toka nayo. Kwani atakula mtu?"

"Mwambie nimesafiri."

"Nimeshakupeleka benki. Nikupeleke wapi tena?"

Alikaa humo dakika arobaini. Ukutani mwa stoo kuna saa, ndiyo maana anajua. Alisikia dada yake akikataa maji, kisha akiyakubali. Alimsikia akiuliza bei ya chumba, na kama huwa kuna nafasi. Binti, ambaye hakuambiwa habari za mkutano wa madaktari, akamjibu kwamba wiki hii vyumba vingi viko wazi.

Fundi akashukuru kwa maji. Alipoinuka, alizungumza kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Akirudi mwambie nimepaona anapofanya kazi. Pasafi. Nimetembea hoteli mbili maishani mwangu, na hii ndiyo safi. Na huyo anayepasafisha mpe salamu zangu. Mwambie kazi yake nimeiona."

Viatu vyake vikaondoka, kimoja kikiburuzwa.

Jioni ile Mama Shuka alipanda zile ngazi akiwa amebadilisha nguo. Dada yake alikuwa kitandani, miguu juu ya mto.

"Benki kulikuwa na foleni?" aliuliza.

"Foleni ndefu, dada."

"Pole."

Hayo ndiyo mazungumzo yote waliyofanya juu ya siku ile. Kesho yake Fundi alirudi nyumbani akisema kwa kila aliyemuuliza kwamba amepumzika sana. Baada ya wiki tano simu ikapigwa.

Daktari aliieleza familia kwamba moyo ulikuwa mgonjwa kwa miaka mingi na kwamba safari haikuubadilisha. Mama Shuka ameambiwa hivyo mara nyingi. "Nimeelewa," anasema. "Sisemi ngazi zilimuua. Nasema nilimpandisha."

Kwenye mazishi, mjomba wao, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo, alisimama kuwatambulisha waliotoka mbali. Alipofika kwake alimshika bega. "Na huyu," alisema, "ndiye matunda ya marehemu. Yuko mapokezi, hoteli kubwa ya mjini." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Naye akatikisa cha kwake.

Usiku wa pili, walipokuwa wanakunja vitambaa ambavyo Fundi hakuwahi kuvikata, binti wa marehemu alimuuliza jambo.

"Mama mdogo, ile hoteli haikuwa na wahudumu?"

"Kwa nini?"

"Mama alisema mashuka yalikuwa na madoa. Aliyafua mwenyewe kwenye ndoo usiku wa kwanza, akalala juu ya godoro kwa vitenge vyake. Asubuhi yakakauka, akatandika. Alinikataza nisikwambie, alisema utaona haya bure."

Mama Shuka aliendelea kukunja. Siku ile aliyanyoosha yale mashuka pembe zote nne na hakuyatazama katikati.

"Na alijua," binti akasema polepole.

"Alijua nini?"

"Kazi yako. Alisema, yule anatandika kitanda kama askari, mtu wa mapokezi hatandiki vile. Nikamuuliza mbona hukumwambia unajua? Akasema, nilikwenda nikakaa nikamngoja aniambie mwenyewe. Alikuwa nyuma ya mlango. Niliviona viatu vyake."

Hapo, katika uwanja wa nyuma wa hoteli ambako wafanyakazi hunywea chai, Mama Shuka anaacha kusimulia. Mashuka kumi na mawili yako kwenye kamba. Anainuka, anashika moja kuona kama limekauka, anarudi.

Kinachomchoma zaidi, anasema, si kwamba dada yake alijua. Ni kwamba alirudi nyumbani na kuulinda uongo huo kama wake. Picha hakuishusha. Wazazi walipoleta watoto kupimwa, aliendelea kuwaonyesha. "Mimi nilimficha yeye, kwa sababu ya aibu yangu. Yeye akanificha mimi kwa watu. Na sikumshukuru, kwa sababu sikujua kuna cha kushukuru."

Hata msibani hakusema kweli. Mjomba alipomwomba amtafutie mjukuu wake nafasi hapo mapokezi, alijibu kwamba atajaribu. "Kaburi lilikuwa halijakauka udongo," anasema. "Ningesema nini? Ningemwaibisha marehemu mbele ya watu aliowaambia." Kisha anajirekebisha. "Hapana. Hiyo nayo ni njia ya kujificha. Ningejiaibisha mimi."

Baada ya kurudi kazini aliacha kupokea chochote kwa ukaguzi wa Jumapili. Mwalimu mstaafu alipotaka kumpa nauli, alimwambia ampelekee mkewe ua. Siku hizi kabla ya mengine yote anauliza jambo moja: anayekuja, miguu yake ikoje? Wapo wanaokasirika. Mfanyabiashara mmoja alimjibu, "Mama, nimekuuliza habari za hoteli, hujaulizwa habari za mama yangu." Alimtajia ghorofa ya chini, akakata simu.

Binti wa mapokezi, ambaye sasa ana watoto wawili na bado yuko kwenye kaunta ile ile, anasema Mama Shuka amebadilika kwa namna ambayo haikuwapendeza wote. "Zamani mtu wake akipiga simu, ananikonyeza nipokee kwa sauti ya kiofisi. Sasa ananyang'anya simu. Anasema, hapa ni msafisha vyumba, nikusaidie nini? Wageni wanashtuka. Meneja amemwambia apunguze."

"Nitapunguza," anasema Mama Shuka. "Nikishawaambia wote."

Hajawaambia wote. Amemwambia binti wa dada yake, aliyekuwa anajua. Amewaambia wageni, ambao hawajali. Nyumbani kwao bado ni yule wa mapokezi.

Wiki mbili zilizopita mjomba alipiga simu. Mtoto wake wa mwisho amemlipia mapumziko ya siku nne mjini, yeye na mkewe. Ana miaka sabini na minne na anatembelea fimbo. Alitaka achaguliwe hoteli nzuri, isiyo na makelele, na kama isingekuwa taabu, iwe karibu na pale anapofanya kazi mpwa wake, ili amwone akiwa kwenye kiti chake.

Alijibiwa kwamba nafasi ipo hapo hapo.

"Kwenye simu sikumwambia," anasema. "Kwenye simu ndipo nilipoharibu. Ataniona kwa macho."

Anaogopa. Ameshakosa usingizi siku tatu, na juzi alisahau kuweka sabuni katika vyumba viwili, jambo ambalo wenzake walilizungumza mpaka jioni. Hajui mjomba atasema nini, au atasema kwa nani. Binti wa mapokezi alimshauri aombe likizo ya siku nne, au abadilishane na mwenzake wa ghorofa ya tatu. Alikataa.

Mjomba na mkewe wanafika Ijumaa saa tisa alasiri. Wameandikiwa chumba cha ghorofa ya chini, upande wa nyuma. Orodha ya zamu ya wiki hiyo imeshabandikwa mlangoni mwa stoo, na anayesafisha ghorofa ya chini ni yeye.